Mifupa Tuliyomletea Mama

Jumapili alasiri, Nyabiondo. Mvua imerudi, na miguu yangu imevimba hata viatu haviingii.

Jana tulienda kumtafuta Papa.

Nilikuwa na miaka tisa vita ilipofika kwetu, naye akakimbilia mapangoni na wanaume wengine wa kijiji. Waliorudi walituambia homa ilimuua huko. Miaka yote hii hapakufikika. Sasa njia imetulia kidogo. Mama akaniita nije kutoka Goma ninakoishi, akatuambia mimi na kaka yangu Bahati neno moja tu: “Muniletee papa yenu.”

Pikipiki zilituacha upande wa Walikale, njia ilipoishia. Tukaendelea kwa miguu na Papa Bauma, mlinzi wa hifadhi anayelijua pango lile. Milima yetu ya Masisi ni ya majani na ng'ombe. Kule ni mawe ya chokaa, ya kijivu, yenye makali, yamechomoza kila mahali kati ya miti. Mto tuliokuwa tukiufuata uliingia chini ya ardhi, ukanyamaza. Papa Bauma alitangulia akichomachoma majani kwa fimbo, akitafuta mashimo.

“Mukanyage pale nimekanyaga,” alituambia. “Hapa chini iko wazi.”

Nilianguka mara mbili. Viganja vimechanika.

Pangoni kulikuwa na baridi, maji yakidondoka kutoka juu. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mmoja. Tochi ilimulika mafuvu saba kando ya ukuta, na mifupa imelala pamoja kama kuni.

“Papa yetu njo nani hapa?” Bahati aliuliza.

Papa Bauma alivua kofia. “Siwezi kukudanganya, kaka. Maji inaingia humu kila mwaka. Ilibachanganya.”

Nikasema turudi. Bahati hakunitazama. “Utamuambia Mama nini? Anazeeka. Anataka kaburi.”

Akatandika kikwembe, kitenge alichotupatia Mama, akachagua fuvu moja na mifupa mirefu michache. Sikumzuia. Nilimshikia tochi.

Leo asubuhi Mama alitupokea mlangoni. “Mama, huyu njo Papa,” Bahati akasema. Mimi nilitazama chini.

Alikifungua kikwembe mwenyewe. Akatoa mfupa wa paja, akauweka kando ya paja lake. Mama ni mfupi. Mfupa ulikuwa sawa na wake. Na Papa alikuwa akiinama kila alipoingia katika nyumba hii.

Hakutukemea. Heri angetukemea.

Alikunja kikwembe polepole, pindo kwa pindo. “Huyu naye iko na batu benye banamungojea,” alisema. “Tutamuzika kesho.”

Bahati ametoka. Nasikia jembe lake nyuma ya nyumba, likigonga udongo uliolowa.

Tulipobaki wawili, Mama aliniuliza: “Benye muliacha kule, bako bangapi?”

“Sita, Mama.”

“Basi mutarudi. Mutabaleta bote.”

Nimemjibu ndiyo. Kwenye redio wanasema mapigano yameanza tena huko mbele, na sijui kama njia itabaki wazi hata wiki moja. Lakini nimesema ndiyo, na safari hii sitamdanganya.