Fundi Kachagua Kwangu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako, yule mnayemwita Redio. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Huku sisi wazima, watoto wanakula kama nzige, na mdomo wangu uko palepale. Tafuta kiti, maana nina habari, na si unanijua, habari yangu haijawahi kupita njia fupi.

Ni mambo ya mdogo wetu, Fundi. Najua umeshampakia chumba rangi, unangoja atoke hospitali ya wagonjwa wa akili aje kwako. Hata mimi nilisema kwako ndiko, kumetulia, kwangu ni soko.

Siku ya kwanza kwenda kumwona nilimkuta kajikunyata kitandani, futi yake ya kupimia nguo kaizungusha mkononi, hataki kuguswa. Akaniambia wale watu bado wanamsema, wanamwambia kila alichoshona ni kibovu. Mimi na akili zangu nikamwambia watu gani, mbona chumba kitupu, hebu acha mchezo, nusu ya mji inavaa suruali zako. Nilidhani namchangamsha. Akanigeuzia mgongo, akavuta shuka mpaka kichwani.

Ndipo akaingia nesi wake, mdada mfupi, mwendo wa pole, sare imemlegea begani. Hakusimama juu yake kama askari. Alivuta kiti akakaa kwa upande, wala hakumkodolea macho. Akamwambia, "Mimi siwasikii, ila naona wamekuchosha. Nikae hapa kidogo, au nirudi baadaye?" Kisha akanyamaza. Yaani dada, alinyamaza kweli kweli, mimi ulimi unaniwasha kama nimelamba pilipili. Baadaye sauti ikatoka chini ya shuka, ikasema akae.

Kumbe alikuja kupima presha, na Fundi mkono hatoi. Nesi hakumng'ang'aniza. Alimwuliza habari za ile futi, kisha akamwuliza kama angependa kuanza yeye kumpima. Basi bwana, mtu akatoka ndani ya shuka, akampima mkono, akampima bega, akamwambia sare yake imeshonwa na mlevi. Nesi akacheka mpaka akashika kitanda. Halafu Fundi mwenyewe akakunja shati akatoa mkono.

Nikamkimbilia nesi koridoni kumwuliza anatumia dawa gani. Akanieleza vizuri tu, bila kunidharau, kwamba nisibishane na Fundi juu ya zile sauti, wala nisijifanye nazisikia. Nimwonyeshe naiona hofu yake, nimwulize anataka nini, halafu nisubiri jibu. Kusubiri, dada. Mimi. Tangu hapo kila nikienda nilikaa kama picha ukutani. Hata habari ya mwenye duka wa mtaani kwetu, aliyemkimbia mkewe akarudi na begi lilelile, nikaimeza nisimsimulie. Nilikuwa nafika nyumbani tumbo limenijaa maneno kama gesi.

Jana daktari akatuita, tuzungumze Fundi atakaa wapi akitoka. Nikasema kwa dada mkubwa, tumeshakubaliana, na daktari akaanza kuandika. Nesi akauliza taratibu kama kuna aliyemwuliza Fundi mwenyewe. Tukatazamana, hakuna. Akamgeukia, akamwuliza, akasubiri. Mimi nimejiuma ulimi naangalia viatu vyangu.

Sasa shika kiti, hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Fundi alinitazama mimi, akasema, "Dada, mbona siku hizi huongei? Umenikasirikia?" Nikamwambia hapana, najifunza kukusikiliza. Akasema, "Nashukuru. Lakini ongea. Ukiongea wewe, wale hawapati nafasi."

Tukacheka wote, na yeye akacheka kile kicheko chake cha puani ambacho hatujakisikia tangu augue. Mimi machozi yalikuwa yananitoka huku nacheka. Nesi akamwuliza, je, na siku asiyotaka kelele? Fundi akafikiri, akasema siku hiyo atatundika futi mlangoni, na mimi nikiiona nifunge mdomo. Tumekubaliana mbele ya daktari.

Kwa hiyo usininunie, dada, kachagua kwangu. Anakupenda sana na atakuja kukutembelea, chumba usikifunge. Anasema tu kwako kimya kimezidi, mpaka friji linasikika likipumua. Ijumaa anatoka. Cherehani yake nimeifuta vumbi, na kazi ya kwanza ni bega la sare ya nesi.

Msalimie shemeji, mwambie kikohozi si kitu cha kufugwa. Na wewe ukija, usishtuke kuona msumari kwenye mlango wa Fundi. Nimeupigilia mwenyewe, usawa wa macho yangu, nisije nikasingizia kwamba futi sikuiona.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Redio