Dume wa Shemeji na Shamba la Klova Nyekundu

Wasomaji wangu, huyu mshauri wenu amezaliwa na bahati mkononi. Nimepanda ndege, nimelala hoteli mbili za Tehran, na kwa miaka thelathini ya ufugaji hakuna mwaka ambao zizi langu lilikosa kelele za wana-kondoo. Sasa someni barua ya huyu.

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa maana kisu kimeshanolewa, mwaka jana nilipanda klova nyekundu, yale majani ya kulishia mifugo, ikastawi mpaka magotini, majike wangu arobaini na watatu nikawaachia humo kiangazi chote wakanenepa mpaka watu wakawa wanakuja kuwatazama, halafu vuli ilipofika tukampaka hina Palang, kondoo dume wa shemeji yangu Sohrab, tukamfunga nyuzi nyekundu kwenye pembe, wanawake wakapiga vigelegele, tukamwachia humohumo kwenye klova, akachapa kazi nikimwona kwa macho yangu, na sasa theluji imeyeyuka na wamezaliwa wawili, wawili tu mshauri! Nikamwambia Sohrab mkahawani mbele ya watu, “Dume lako ni pambo.” Akanijibu, “Shemeji, kwa jirani yetu Morad limezalisha zizi zima. Labda wako walikutazama wewe wakakata tamaa.” Watu wakacheka mpaka chai ikawatoka puani, nami nikaapa kwamba Ijumaa Palang anakuwa kebabu, maana bado yuko kwangu, lakini mke wangu Golnesa, dada yake Sohrab, anasema, “Mguse uone. Utajipikia mpaka uzikwe.” Nimchinje, nisimchinje?
Fereydun, karibu na Borujerd

Fereydun ndugu yangu, weka kisu chini. Pole, kicheko cha mkahawani kinauma kuliko jino. Lakini wewe baba, nani alikutuma uwalishe majike klova nyekundu tupu wakati wa kupandisha? Majani yale yana kitu kinachofanana na homoni za kike. Jike akiyala wiki nyingi mfululizo, uzazi wake unavurugika, hata dume ampande mara kumi. Palang kakutumikia bure, maskini, na wewe shukrani yako ni kumweka kwenye makaa!

Klova usiing'oe. Wape ng'ombe wa maziwa, wape wana-kondoo unaowanenepesha, ila inyauke kidogo kwanza na uichanganye na nyasi kavu, wasije wakavimba matumbo. Majike watoe leo hii, uwapeleke kwenye nyasi za mlimani, na wasiionje klova wiki sita kabla ya kuachia dume na wiki sita baada yake. Wengi watashika mimba. Halafu Ijumaa mfunge Palang kamba, nenda naye mpaka mkahawani saa ambayo umejaa watu, useme, “Sohrab, kosa lilikuwa langu.” Usinong'one! Ulimtukana kwa sauti, omba radhi kwa sauti.

Utaniuliza nina hakika gani. Ile bahati niliyojisifia ni uongo mtupu. Mwaka niliopanda klova zizi langu lilikaa kimya kama kaburi, nikamchinja dume wa baba mkwe wangu, na mpaka leo mzee hajibu salamu yangu.