Zipu ya Zimwi Iko Mgongoni

Jumamosi asubuhi, Jeddah. Jua halijapanda vizuri na shati imeshashikana na mgongo. Riyadh joto ni kavu, linakuchoma linakuacha. Hapa joto ni la maji. Linakukalia.

Nimechoka. Nasema mara moja ili nisirudie.

Magoti yote mawili yamevimba. Si kwa kubeba. Kubeba nimezoea. Ni kuanguka.

Mimi ni mtu wa mizigo. Riyadh nalala Shumaisi, chumba cha watu sita, asubuhi napakia na kushusha pale kampuni imenituma. Wiki mbili zilizopita bosi alituweka watatu kwa lori pamoja na mbao na taa, akasema kuna maonyesho ya watoto Jeddah, ndani ya jengo la maduka. Mjenge jukwaa, mbomoe, mrudi.

Maonyesho yenyewe ni ile sinema ya Kijapani ya kwa runinga. Kaka na dada. Watu wa kawaida tu, wanagombania nani ataosha vyombo. Zimwi likitokea mjini wanashikana mikono, mwanga unapiga, wanakuwa majitu marefu kupita ghorofa. Wanapigana nalo. Hapa wanaongeleshwa Kiarabu. Watoto wa Saudia wanaipenda sana. Wangu pia wanaijua, kule Bungoma, wanaiona kwa dirisha la jirani. Hawasikii kinachosemwa. Wanajua tu nani anapiga nani.

Mhindi aliyekuwa anavaa zimwi alizimia siku ya kwanza. Bosi akatuangalia sisi wa mizigo, akaninyooshea kidole. "Wewe mrefu. Yalla, haya."

Basi mimi ndiye zimwi.

Nguo ni sponji na mpira. Ina mkia, huwezi kukaa. Naona kwa tundu moja hapo shingoni. Mikono ni makucha, hata pua siwezi kujikuna. Zipu iko mgongoni, chini ya miiba. Ukifungiwa umefungiwa. Anayenifunga na kunifungua ni Mmisri anaitwa Hamdi, mtu mzuri lakini msahaulifu. Ndiye alinifundisha kutembea polepole na kuanguka polepole, kwa sababu kitu kikubwa kama nyumba hakianguki haraka. Naanguka mara tatu kila onyesho. Mara ya tatu siamki.

Yule dada anachezwa na Mfilipino ana masharubu. Ananipiga kweli kweli. Anadhani sponji inazuia.

Barasa, mtu wa kwetu tuliyekuja naye, hajaacha kucheka. "Baba Nekesa, umetoka Bungoma yote kuja kupigwa na dada ya mtu."

Nilicheka pia. Siku hizo mbili tatu za kwanza.

Sasa maneno yenyewe.

Nina watoto wawili. Nekesa ana miaka kumi na mmoja, Wafula saba. Mama yao alikufa miaka miwili iliyopita nikiwa Riyadh. Tangu hapo wanakaa kwa mama mkwe. Kwetu mimi na mama mkwe hatuongei ana kwa ana, ni heshima, kwa hivyo neno lake hunifikia kupitia shemeji. Jumatatu shemeji akatuma sauti kwa simu. Mama miguu imekataa. Hawezi watoto wawili tena. Nekesa ataenda kwake shemeji, Kitale. Wafula ataenda kwa binamu yangu, Mumias. Gari inakuja Jumapili.

Jumapili ni kesho.

Wafula hajawahi kulala bila dada yake. Hushika nguo yake usiku. Akiamka akute nguo haiko, anaamsha nyumba yote.

Sikujibu. Kila siku nilisema nitajibu, na kila siku nikavaa zimwi, nikaanguka, nikalala.

Kulikuwa na mtu mmoja angeweza kuwachukua wote wawili. Ndugu yangu Simiyu. Ni mdogo wangu, wa kunifuata. Yuko hapa hapa Jeddah, analinda geti la maghala. Mkataba wake umeisha, Barasa ameniambia Jumanne anarudi nyumbani kabisa. Ana mke, ana nyumba, na nyumba iko kwenye shamba letu, hatua chache tu kutoka kaburi la mama yao.

Lakini Simiyu na mimi hatujaongea miaka miwili.

Naandika wazi, hapa mtandaoni hakuna anayenijua. Bibi yangu, mama ya watoto, alipokufa, Simiyu alikuwa nyumbani likizo. Mimi nilikuwa nakimbizana na kafili, yule tajiri aliyenileta Saudia, pasi yangu anayo yeye, kila siku ananiambia kesho, kesho. Nilimpigia Simiyu nikamwambia neno moja. Nisubiri. Akasema sawa. Siku ya nane wakamzika. Sikuona uso wake. Karatasi ya kusafiri ilitoka siku ya kumi na moja, nikairudisha. Ningeenda kufanya nini?

Simiyu alipiga simu nikakata. Akapiga tena nikafungia namba yake. Nikasema sina ndugu.

Jana Ijumaa tulikuwa na maonyesho mawili, moja kabla ya magharibi na moja baada. Ya kwanza imeisha, nimekufa, pazia limefungwa, nikaburuta mkia hadi stoo ya nyuma. Adhana ikaanza. Hapa wakati wa swala kila kitu kinasimama, maduka yanashuka milango, taa za jukwaa zinazimwa. Hamdi akanipigapiga miiba. "Dagiga, dagiga," yaani dakika moja, huyo akaenda kuswali. Barasa hayupo. Nimefungwa ndani.

Nikalala ubavu juu ya maboksi kama ng'ombe mgonjwa. Jasho linaingia machoni na siwezi kupangusa.

Mlango ukafunguka. Kwa lile tundu niliona viatu vyeusi, suruali ya walinzi, na tumbo. Halafu mwendo. Mtu anatembea, mguu wa kushoto unatupwa nje kidogo. Simiyu aliuvunja akiwa mtoto, tulikuwa tunaiba mapera, mimi ndiye nilimwambia aruke.

"Baba Nekesa," akasema.

Nikanyamaza. Nilidhani nikinyamaza ataona ni Mhindi. Nikatingisha kichwa cha zimwi, hapana.

"Usinitingishie kichwa ya mnyama. Barasa ameniambia ni wewe."

Nikatingisha tena. Lakini hewa ilikuwa imeisha.

"Fungua zipu."

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa ndugu yangu kwa miaka miwili.

Nikasikia anatafuta chini ya miiba. Zipu ikashuka kama kidole kimoja. Ikasimama.

"Nitafungua ukinisikiliza."

"Simiyu, nitakufa humu."

"Haufi. Siku zote unanikatia simu. Leo utakata na nini?"

Nilijaribu kugeuka nimshike. Nikampiga na mkia. Akasema woi, lakini zipu hakuachilia. Mtu mzima na askari wa geti, wanapigana na mkia stoo. Kama angeingia mtu sijui tungemwambia nini.

Mwishowe nikalala. Nguvu ziliisha.

"Sema."

Akasema. Sauti yake ilikuwa nyuma yangu, simwoni.

Akasema walikuwa wananisubiri. Wazee walitaka kuzika siku ya tano, yeye akawakatalia, wakamwita mtoto mbaya. Halafu stima ikapotea mochari. Siku mbili, na jenereta yao mbovu. Aliitwa asubuhi aende kuona mwili. Akaenda peke yake. Alivyotoka akawaambia wazee wachimbe kaburi leo leo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Uko huko, pasi huna, utafanya nini na hiyo picha?"

"Aliharibika wapi?"

"Usiniulize hiyo."

"Nakuuliza."

Huko nje hata muziki wa maduka ulikuwa umezimwa.

"Uso," akasema.

Halafu akasema, "Nikaona heri unichukie mimi, yeye umkumbuke vile ulimwacha."

Zipu ikashuka yote. Hewa ikaingia. Akanivua kichwa, akanitoa mabega. Sikumwangalia. Niliangalia ukuta. Amezeeka, hilo niliona kwa pembe ya jicho. Mvi zimeanza na ni mdogo wangu.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika. Sikufanya hata moja. Nilikuwa na miguu ya zimwi bado.

Nikamwambia, "Ungeniambia, Simiyu. Mimi ndiye nilikuwa bwana yake. Hiyo picha ilikuwa yangu."

Akasema, "Najua."

Hakusema pole. Ni afadhali. Angesema pole ningemfukuza.

Akanipa maji. Nikanywa chupa yote. Nikaona kama sitasema sasa Hamdi atarudi, nitafungiwa, nitapigwa, nitalala, na Jumapili itafika.

"Unaenda Jumanne?"

"Jumanne."

"Watoto wanagawanywa."

"Nilisikia. Nilikuwa nangoja nisikie kwako."

"Wachukue."

"Wachukue nani? Nekesa? Wafula?"

"Wote. Usiwatenganishe hata siku moja."

Akafuta uso na kofia yake ya kazi. "Kitanda chao iko tayari tangu Pasaka. Mama Brian alisema hata kama hutaki kuongea na mimi, watoto si wameongea?" Mama Brian ni bibi yake. Sikujua watoto walikuwa wanaongea nao kwa simu. Nekesa hajawahi kuniambia. Kumbe aliogopa nitakasirika.

Hiyo iliniuma kuliko mambo ya zipu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaficha kwamba anaongea na baba yake mdogo, kwa ajili yangu.

Hamdi akarudi, miguu bado ina maji ya udhu. Akatuangalia, mimi nusu zimwi, Simiyu ameshika kichwa cha zimwi. "Halas? Mmemaliza? Yalla, yalla." Simiyu mwenyewe ndiye alinifunga zipu. Akaiangalia isinikamate nywele.

Onyesho la pili sikulicheza vizuri. Nilianguka haraka. Ndani ya ile nguo hakuna anayejua unafanya nini, na mimi nililia nikipigwa na yule wa masharubu, nikaunguruma ili nisisikike. Watoto wakapiga makofi. Bosi akasema nimeunguruma vizuri, niendelee hivyo.

Simiyu alikuwa amesimama mwisho kabisa, nyuma ya akina mama. Nilimwona kwa tundu. Alipoona nimekufa mara ya tatu akaondoka, zamu yake ilikuwa inaanza.

Leo asubuhi nimemtumia shemeji sauti. Nimesema gari isije Jumapili. Watoto wasubiri Simiyu, atafika Jumatano, atawachukua wote wawili. Nimesema mwambie mama nashukuru kwa miaka yote miwili.

Amekaa muda mrefu bila kujibu. Nimekunywa chai, nimefunga magoti na kitambaa, simu kimya. Nilidhani nimewakosea. Mama mkwe angeweza kukataa, ana haki, yeye ndiye amewalea.

Halafu ikaingia. Shemeji anasema mama ameuliza kama ni Simiyu yule yule nisiyeongea naye. Ameambiwa ndiyo. Akasema sawa, lakini asije mikono mitupu akidhani ni kuokota kuku.

Nyuma ya sauti yake nimemsikia Wafula anauliza, "Na Nekesa? Na Nekesa pia?"

Shemeji akamwambia na Nekesa pia.

Leo maonyesho ni matatu. Barasa ananiita, gari limefika chini.

Watu watasema nimesamehe. Mimi sijui. Jana sikumshika mkono. Namba yake nimeifungua, lakini sijapiga. Nikifikiria uso wa bibi yangu bado napata hasira, na sasa hasira yenyewe sijui niiweke wapi, kwa stima, kwa kafili, kwa nani. Nimempa mtu watoto wangu kabla sijamaliza kumkasirikia.

Huko ni kusamehe, ama nimechoka tu?