Mluzi wa Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi! Shati la kijani, kofia, buti za kuazima. Nimejitazama kwenye kioo cha chooni mpaka mpishi akagonga mlango. Mkuu wa waongoza wageni ni mzee mmoja wanamwita Darubini, kwa kuwa haivui shingoni hata akila. Kanipeleka msituni, kaniuliza najua nini zaidi ya vyeti. Nikapiga mluzi wa ndege hondohondo, ule unaopanda na kushuka. Dume akajibu! Akatua juu yetu, shingo juu, anatafuta nani kathubutu. Hapa wanamwita Bwana Harusi, kwa maringo yake. Mama alinichapa sana kwa mluzi huu. Mtoto wa kike hapigi mluzi, alisema, na aliusikia hata nikiwa mtaa wa pili. Leo umenipa ugali — au nadhani hivyo. Darubini hakunisifu. Alinitazama meno tu.

Alhamisi, 6 Machi

Sikuongoza mtu. Darubini kaniweka ndani ya kichaka, nichuchumae. Akivua kofia, napiga mluzi. Ndege anakuja, wageni wanapiga picha, naye anawaeleza kwamba msitu humwitikia anayeupenda. Mimi nimeona viatu vyao tu. Nikamuuliza nitatoka lini. Siku mbili tatu, mwanangu, haraka haraka haina baraka. Mbona hapigi yeye? Akafungua kinywa: meno ya mbele hayapo. Akipuliza unatoka upepo mtupu.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbili tatu gani hizi! Bosi kabandika bango getini: NJOO UMWONE BWANA HARUSI, HAKOSEKANI. Sasa makundi yanafuatana asubuhi nzima. Sisimizi wamenipanda mpaka kiunoni na siruhusiwi kujikuna. Midomo imepasuka, napaka mafuta ya kupikia. Mama kapiga simu. Majirani wote wanajua mwanawe anaongoza wageni, kwa hiyo leo nimewaonyesha nini? Nikasema hondohondo. Si uongo. Nilipokata simu nililia.

Jumanne, 18 Machi

Nimeuona mti. Uko nyuma ya mgongo wangu siku zote hizi, mimi macho mbele kwenye kofia ya Darubini. Shina lina shimo, shimo limezibwa kwa udongo mkavu, umebaki upenyo wa kupita vidole. Ncha ya mdomo ikatokeza. Bi Harusi! Chuoni nililisoma hili na nikafaulu: jike hujizibia shimoni akiatamia, hatoki, na dume ndiye humlisha kupitia upenyo. Sikujiuliza hata siku moja kama huyu ana mke ndani.

Bwana Harusi akaja na tunda. Hapo hapo Darubini akavua kofia, nami nikapiga — mazoea tu. Akaliangusha tunda, akaruka kumtafuta dume mgeni aliyemwingilia kwake. Dume mgeni ni mimi. Kundi likaondoka, likaja jingine. Ule mdomo upenyoni ukawa unafunguka na kufunga. Asubuhi nzima hakulishwa. Naona aibu, na chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia Darubini. Kumbe alijua. Atarudi tu kwake, kasema, mume gani anapotea njia ya nyumbani? Nikamwambia nawajua wengi. Hakucheka. Akasema enzi zake, kabla meno hayajaisha, kuna mwaka shimo lile lilianza kunuka. Wageni waliambiwa ni uyoga. Nisipopiga mimi, atatafutwa mwingine. "Mimi nimeota mvi humo kichakani, mwanangu. Kaza moyo." Hiyo ndiyo faraja yake!

Jumapili, 23 Machi

Bosi kaniita ofisini, kanipa na kiti. Jumanne wanakuja mawakala wa safari, wale wanaoamua wageni wapelekwe wapi. Bwana Harusi akionekana, napewa beji na kundi langu mwenyewe. Asipoonekana, kipindi changu cha majaribio kazini kinaishia hapo. Mama na Dada nao waje, kasema, watembee pamoja na mawakala, mimi nitajitokeza mwishoni nitambulishwe. Kisha akaniomba mluzi, akaurekodi kwenye simu yake. Kumbukumbu tu, kasema. Nami nikapiga kwa raha zote, mjinga mimi.

Dada anasema Mama ameshapiga pasi lile gauni la sherehe. Nikipiga, namuua wa shimoni. Nisipopiga, nirudi nyumbani nikawaeleze majirani nini? Nimenaswa kotekote.

Jumanne, 25 Machi

Kichakani. Naandika ili mdomo utulie.

Wamefika. Viatu vya mawakala, vipya. Viatu vya Dada. Sandali za Mama — zile za kisigino kilichogongewa misumari. Kaja nazo hadi msituni!

Bwana Harusi yuko juu ya shimo, ana tunda. Mdomo umetokeza upenyoni. Unachelewa kufunguka kuliko wiki iliyopita.

Darubini kavua kofia.

Sipigi.

Kaivaa. Kaivua tena, anajipepea. Bosi anakohoa. Mama anamuuliza, mwanangu yuko wapi? Anakuja, mama, anakuja. Basi tumsubiri, Mama kasema, miguu yangu haina haraka. Darubini kageukia pembeni, kakunja midomo, kapuliza. Upepo mtupu. Maskini mzee wa watu.

Tunda la kwanza limeingia! Nimeliona likipita. Ndege kacheua jingine toka kooni, anainama.

Mluzi.

Si mimi. Midomo yangu imefungwa, nimeigusa. Unapanda, unashuka — ni wangu, unatoka mfukoni mwa Bosi.

Bwana Harusi kainua kichwa. Tunda liko mdomoni. Mawakala wananyanyua kamera. Mluzi tena.

"Huo si ndege," Mama kasema, kwa sauti ya kuitana sokoni. "Huo mluzi wa mwanangu. Nimemchapia sana huo, nitausahau?"

Bosi kacheka. Peke yake.

Mama kaniita kwa jina. Sandali zinakuja huku. Darubini kasimama njiani, kisha kampisha. Ndege kageuza shingo, tunda bado hajaliangusha. Matawi mbele yangu yanafunguka