Waya Niliofunga Kwenye Draya Yako

Baba,

Ni Jumapili, na nimebaki nyumbani. Mama ameenda kanisani peke yake. Haniongeleshi tangu jana, na sababu nitakueleza, lakini najua hukupenda mtu aingie na maneno mazito kabla ya habari za boma. Basi sikiliza. Ng'ombe mweusi amezaa, ni ndama jike. Mahindi ya shamba la chini yaliangushwa na upepo, nusu yameinuka yenyewe. Mama bado anamimina vikombe viwili vya chai asubuhi, halafu anakunywa vyote viwili kwa hasira. Kwenye draya yako kiwandani, mashine uliyokaushia chai, sasa yuko Nyakundi, yule aliyekuwa kwenye boila ya mvuke. Anaangalia paneli ya vipimo tu. Hashiki chai hata kidogo.

Hizo ndizo habari. Sasa hili lingine.

Siku ya mazishi nilisoma wasifu wako mbele ya watu wa kanisa, watu wa kiwandani, hata wajomba waliotoka Mogogosiek wakafika na matope hadi magotini. Nilisoma kwamba ulikausha chai miaka ishirini na miwili, kisha "akahamishiwa kazi nyepesi kwa sababu ya umri." Nikaendelea na sentensi iliyofuata. Sauti yangu haikutetemeka. Halafu meneja akasimama, akatoa pole, akasema umewaachia binti aliyeleta vipimo vya kisasa, na kwamba tangu mitambo ile ikae sawa, chai haijaungua tena. Watu wakapiga makofi. Kwenye mazishi yako, Baba, walinipigia mimi makofi, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Hukuhamishwa kwa sababu ya umri. Ulihamishwa kwa sababu yangu. Nilijua hivyo mwaka mzima ukiwa hai, nikala na wewe meza moja, nikanyamaza.

Unakumbuka nilipokuwa chuoni ulivyozunguka soko la Kaplong ukiwaambia watu kwamba msichana wako anasomea kupima moto bila kuugusa? Nikija likizo ulinifanya nisome daftari kwa sauti huku ukikamua. Siku moja nilikuwa nasoma somo la udhibiti wa mitambo, nikakueleza kwamba kipimo kinaangalia joto, kidhibiti kinaamua, valvu inafungua au inafunga mvuke, kisha kipimo kinaangalia tena. Uliacha kukamua. Ukasema, "Basi hiyo ni mimi. Naangalia, nafikiria, nafunga, naangalia tena." Nilicheka. Nilicheka kile kicheko cha mtu wa chuo, na wewe ukacheka pia kwa sababu ulifurahi kunisikia.

Kwenye daftari hilo hilo kulikuwa na jambo nililolipigia mstari mwekundu mara mbili. Mwalimu wetu wa vipimo alisema waya unaotoka kwenye kipimo cha joto kwenda kwenye paneli lazima uwe wa aina yake maalum. Ukiunga waya wa kawaida pale karibu na mashine penye joto, paneli itasoma chini ya joto la kweli. Itaona moto ni mdogo na kumbe ni mkali. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nililipata.

Halafu nikaajiriwa kwenye kiwanda chako, msichana wa kwanza kushika bisibisi mle ndani. Mwezi wangu wa tatu kazini meneja akanipa kazi ya kufunga kipimo kipya na paneli kwenye draya yako. Waya maalum haukutosha, ulipungua kama mita nne. Nikaagiza mwingine Nairobi, lakini ungechukua siku kadhaa kufika, na meneja alikuwa ameshawaambia wakurugenzi waje Alhamisi kuona. Niliona aibu kusema sikupima vizuri kabla ya kuagiza. Mimi, fundi wa vipimo! Nikaenda stoo, nikakata waya wa taa, nikaunga pale kichwani mwa draya, nikafunika kwa kifuniko. Sikuandika popote. Nilijiambia nitaubadilisha waya maalum ukifika.

Wewe uligundua siku hiyo hiyo. Ulichukua chai ikitoka mdomoni mwa draya, ukaifinya karibu na sikio, ukainusa, ukaja kwangu polepole kama kawaida yako.

"Chelangat, hii inaungua. Punguza mvuke."

Nikakuambia paneli inasema joto liko chini.

"Paneli iko na pua?"

Wenzako walicheka, na hapo ndipo nilipokasirika. Uliufunga mvuke kwa mkono. Mimi nikaufungua tena, mbele ya zamu nzima. Ukaufunga. Nikaenda kwa meneja, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anaingilia mitambo. Nilichagua Kiingereza, Baba, ili yeye aelewe na wewe usielewe. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi.

Waonjaji wakasema chai ya wiki hiyo imeungua. Meneja akauliza ni nani aliyekuwa akigusa valvu, na watu wote walikuwa wamekuona. Hukujitetea. Ulinitazama mara moja tu, na mimi nikajifanya nasoma paneli. Ijumaa ukapelekwa juu ghorofani, wanakonyausha majani mabichi, kugeuza majani pamoja na vibarua walioanza mwezi uliopita. Kule kwenye ubaridi na mafeni. Daktari alisema ni moyo uliokuua. Mimi bado nabishana naye.

Waya ukafika Jumamosi, siku moja baadaye. Jumapili mashine zikisafishwa nilipanda ngazi, nikatoa waya wa taa, nikafunga ule wa kweli. Jumatatu nikaweka kipimajoto cha zebaki kando, vikasoma sawasawa. Ningeweza kushuka ngazi ile niende moja kwa moja ofisini. Ilikuwa hatua arobaini, labda hamsini. Badala yake, wiki hiyo meneja alipopita akaniambia, unaona, mzee alipotoka chai imekuwa nzuri, mimi nilisema asante. Hilo ndilo neno nililosema, asante.

Na wewe kila jioni ukirudi, ukivua buti mlangoni, uliniuliza, "Mashine inaendeleaje?" Nikajibu inaendelea vizuri. Ukasema "sawa" na kuomba maji ya kunawa. Mwaka mzima, swali hilo moja.

Jana nilimwambia Mama yote. Tulikuwa tunachambua maharagwe. Nilitegemea alie, au anipige, hata kwa umri wangu huu. Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Alijua."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Akasema ulishuka kutoka ghorofani Jumapili ile kutafuta ufagio, ukaniona kwenye ngazi nikikunja waya wa taa na kuuficha mfukoni. Ulifanya kazi na mafundi miaka yote hiyo, hukuhitaji kuelezwa. Ulirudi nyumbani ukamwambia Mama anyamaze. Ulisema, "Mtoto ameanza kazi juzi. Wakimfukuza, nani atachukua msichana mwingine kwa hiyo kazi?"

Baba, kwa nini hukunipiga kelele? Kwa nini hukuniita nyuma ya zizi ukaniambia mimi ni mwongo? Nimekukasirikia tangu jana, halafu nakumbuka sina haki hata ya hasira. Kila jioni kwa swali lile ulikuwa unanifungulia mlango niseme ukweli, na mimi nikijibu inaendelea vizuri. Ulikufa ukisubiri. Au hukusubiri, labda ulishanisamehe zamani. Hilo sitalijua tena, na ndilo linalonila.

Nilipomwambia Mama ninachotaka kufanya ndipo alipokasirika. Kesho asubuhi kabla malori ya majani hayajafika, meneja ataongea na wafanyakazi wote kwenye chumba cha kukaushia. Nimemwomba dakika chache. Anafikiri nataka kushukuru kwa mchango wa matanga. Nitasimama niseme kwamba mzee alikuwa sawa, kwamba mimi ndiye niliyeunguza chai, kwa waya gani, siku gani, na kwamba nilijua nikanyamaza. Nitasema kwa Kiswahili, kila mtu aelewe, hadi wale mama wa kupepeta. Nitamwomba Nyakundi awe anashika chai kwa mkono wake hata paneli ikisema nini. Kisha nitampa meneja barua yenye maneno hayo hayo, aiweke kwenye faili lako, mahali palipoandikwa kwamba ulishindwa kazi.

Mama anasema nitafukuzwa. Anasema ulibeba aibu hiyo ili mimi nibaki na kazi, na sasa naenda kuitupa kama takataka, na ungekuwa hai ungenikataza. Ni kweli. Ungenikataza, tena kwa sauti ile ya chini ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishinda. Nimekaa na maneno yake usiku kucha, na siwezi kusema amekosea. Lakini siwezi pia kupita tena chini ya ngazi zile za kwenda ghorofani, ulikopelekwa kwa sababu yangu.

Nakuahidi nitasema yote, bila kupunguza. Matokeo yoyote nitayabeba mwenyewe, na Mama nitamtunza, nikiwa na kazi au nikichuma chai yetu hapa nyumbani.

Pumzika, Baba. Kesho nitakukaidi tena mbele ya watu wale wale. Ile ya kwanza naomba unisamehe. Hii ya pili sitakuomba.

Binti yako,
Chelangat