Rafiki Yangu Juu ya Karai

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, na uniwie radhi barua ikiwa ndefu, kwa kuwa siku hizi sina mtu wa kuzungumza naye na maneno yamenijaa kama maji katika pipa lililosahauliwa mvuani. Mimi ni mwalimu wa zamani, mkazi wa Ruiru, mke wangu Wakonyo alifariki, binti yetu Gathoni ameolewa mbali, na shule nilikofundisha sarufi na uchoraji ilifungwa ilipotangazwa Hali ya Hatari, na tangu hapo kazi yangu ni kuandika majina ya mashamba kwa brashi juu ya magunia ya kahawa, na jioni huchora picha za mzaha ambazo gazeti lenu huzichapa bila jina langu, kwa hiyo wewe umeziona, ni zile za vita vya Mfereji wa Suez.

Bila shaka unaikumbuka ya kwanza, yale majitu mawili yenye kofia ndefu, moja Uingereza na moja Ufaransa, yakivuta kamba ili yauchukue mfereji, na mwenzao wa tatu akiyasukuma kwa nyuma, na ukingoni ameketi mtu mdogo, ndiye Misri, amevaa koti la jeshi linalomzidi, ameketi juu ya karai lililopinduliwa, mikono magotini, wala hainuki. Katika picha ya pili majitu yanamsomea hati yenye mihuri, naye amejiziba masikio kwa vidole, na katika ya tatu amezizamisha mashua zake mwenyewe mferejini ili majitu yasipite, moja ikimzamia mpaka mlingoti, naye bado yupo juu ya karai lake. Watu walimpenda mno mtu huyo mdogo. Mhariri aliniandikia kwamba barua za wasomaji zinamwulizia kama wanavyoulizia jamaa aliye hospitalini.

Sasa shida yangu ni hii. Mimi siwezi kumchora mtu kutoka kichwani, nikijaribu hutoka sanamu ya mti, ni lazima nimwone mtu amekaa mbele yangu, na mtu aliyekuwa akikaa mbele yangu ni mmoja tu, rafiki yangu Kimeu. Yeye ni Mkamba wa ng'ambo ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, naye ni bawabu wa kiwanda kimoja cha Thika, na kila Jumamosi alikuja kwangu kwa treni, kwa sababu mimi Mkikuyu siwezi kutoka Ruiru bila pasi ya serikali, naye anaweza, na alikuwa akisema, "Mwalimu, wewe umefungwa kama kuku, ngoja mimi nikuletee Thika." Basi huleta nanasi moja na habari za Thika, nani amegombana na mkewe, nani amehamia Nairobi, kisha huketi juu ya sanduku la majani ya chai lililo karibu na mlango wangu, nasi hunyamaza pamoja mpaka treni ya kumrudisha. Nilikuwa nikimchora tu, bila nia yoyote, kama mtu mwingine anavyosuka kamba.

Yeye alikuwa askari wa kazi kule Misri katika Vita Vikuu vya Pili, akichimba na kubeba mchanga kando ya mfereji huohuo, pamoja na mdogo wake aitwaye Mulei. Huyo Mulei aliugua mapafu akafa huko, wakamzika mchangani, na juu ya msalaba wakaandika namba bila jina. Kimeu alinisimulia siku moja, mwaka jana, kwa Kiswahili chake cha jeshi: "Nikachukua karai yangu ya mchanga, nikapindua, nikakaa hapo karibu na yeye. Sajini akakuja, akasema, 'Wewe, amka!' Nikasema, 'Hapa si namba imelala, ni Mulei. Andika kwanza.' Akapiga kelele, mimi niko tu. Mwisho wakaninyanyua wanne, wakanitupa kwa lori. Mpaka leo sijui kama waliandika." Nilimsikiliza, na mkono wangu ulikuwa unachora, na nilistaajabu jinsi mtu mmoja asiye na cheo alivyolitia jeshi zima katika taabu kwa kukaa chini tu, na vita vya Suez vilipotokea picha ikanijia yenyewe.

Watu wa Thika walimtambua mara moja. Wapagazi wa stesheni walimpigia kelele, "Mzee wa Karai! Waingereza wanarudi kwao, simama upumzike!" Mama mmoja muuza mahindi, Syombua, alimwuliza mbele ya wateja, "Baba, ukikalia karai, nyumbani wanakaanga na nini?" Nasikia hata kanisani, alipokuwa anataka kuketi, mtu aliyekuwa nyuma yake alisukuma ndoo kwa mguu, na benchi zima likacheka ndani ya leso.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila nanasi. Hakuketi. Alilikunjua gazeti akauliza, "Mwalimu, huyu ni nani?"

Nikamjibu, "Ni Mmisri."

"Mmisri gani? Hii koti si yangu? Hata kifungo ile ilipotea, hapa haiko."

"Ni picha tu, Kimeu. Watu wanakupenda."

"Na karai?"

Nilicheka kidogo, kwa kuwa makarai ni mengi duniani, hata mimi ninalo moja la kuchanganyia udongo, na nikamwambia hivyo. Alinitazama. Kisha aliliweka gazeti juu ya sanduku, pale anapoketi yeye, akalilainisha kwa kiganja kana kwamba anatandika kitanda, akaondoka, ingawa treni yake ilikuwa bado sana.

Hajarudi tena. Majitu yameondoka Misri, Krismasi imepita, mahindi yamevunwa, wala hajarudi. Nimemtumia salamu kwa mfanyakazi wa reli na sikupata jibu. Nalo jambo ninaloona haya kulisema ni hili, kwamba Jumamosi ikifika hulitazama lile sanduku na kumchora hapo tena, kwa kuwa mkono wangu sasa unamjua bila kumwona, na picha ikikamilika huwa kama amekuja, kisha wino hukauka na nyumba hunyamaza, lakini si kule kunyamaza kwetu.

Mhariri anataka picha ya mwisho, mtu mdogo ameinuka, amelipiga karai teke, anayapungia majitu mkono. Naomba ushauri wako. Je, nimbadilishe sura, nimwondolee masharubu, nimvike kanzu badala ya koti, ili Kimeu asitambuliwe tena? Au nimchoree picha nzuri ya peke yake, iliyotiwa fremu, nimpelekee iwe zawadi? Au niache kuchora kabisa? Sina rafiki mwingine, na kwa umri wangu sidhani nitapata.

Wako katika upweke,
Mwalimu wa Ruiru

JIBU LA MSHAURI

Mwalimu,

Jibu hili nilikupelekea kwanza kwa posta. Sasa linachapwa gazetini pamoja na barua yako, kwa idhini ya mtu ambaye hapa anaitwa Kimeu. Jina hilo nimempa mimi. Wewe uliliandika jina lake halisi, na jina la kiwanda chake, na rangi ya lango; hayo nimeyafuta. Hata ulipokuwa unalia kwa sababu umemwanika mtu, ulikuwa tayari kumwanika mara ya pili.

Nakuhurumia kwa upweke wako. Mjane aliyefungiwa shule yake na kuwekewa mipaka ya kutembea anastahili kuhurumiwa, na mtu aliyepanda treni kila juma kuja kunyamaza pamoja nawe alikuwa zawadi ambayo wengi wetu hatujaipata. Nimemaliza kukuhurumia. Sasa sikiliza.

Umeniuliza juu ya masharubu, juu ya koti na juu ya kanzu. Juu ya karai hukuniuliza neno. Rafiki yako hakuja kukuuliza juu ya masharubu. Alitaja koti, ukamjibu, akalipita. Kisha alikuuliza, "Na karai?" Hilo ndilo swali lililomtoa Thika. Wewe ukamjibu kwamba unalo lako la kuchanganyia udongo.

Sentensi zako ni ndefu kuliko treni unayoisubiri, na ndani ya mojawapo umelipita jambo lenyewe mbio. Mtu alikueleza jinsi alivyokaa matanga peke yake katika nchi ya ugeni, kaburini pa mdogo wake, bila mkeka, bila moto, bila jamaa wa kumshika mkono. Alikalia karai kwa sababu hakuwa na kingine cha kukalia. Ukaona ni ukaidi wa kufurahisha. Unasema mwenyewe kwamba mkono wako ulikuwa unachora. Mtu akitoa msiba wake, Mwalimu, kalamu huwekwa chini. Jambo hilo halifundishwi shuleni kwa sababu hudhaniwa kwamba mtoto amekwisha kulijua nyumbani.

Sisemi kwamba picha zako ni mbaya. Kuhusu vita vile watu wazima wamegombana mpaka wakaacha kusalimiana, na sikusudii kuwaamua hapa, lakini taifa dogo likisongwa na wakubwa, wachoraji wana haki ya kuwacheka wakubwa. Ulifanya hivyo vizuri. Nami nilicheka. Picha ya tatu niliikata nikaibandika ukutani juu ya meza hii ninayoandikia, na kila aliyeingia nilimwonyesha. Niliposoma barua yako niliibandua. Rangi ya ukuta imetoka pamoja nayo, na alama ipo hapo, naiona sasa. Ndiyo sababu nitamwomba Kimeu idhini ya kuchapa. Kicheko kilikuwa cha watu wengi, na sisi tuliocheka yatupasa kujua tulichokicheka.

Basi fanya hivi. Picha ya mwisho usiichore. Karai hilo halipigwi teke na mtu yeyote, si kwa ajili ya Misri wala kwa ajili ya wasomaji wetu. Mhariri nimekwisha kumwambia, akakasirika, atapoa. Tafuta uso mwingine. Ukishindwa kuchora kutoka kichwani, nunua kioo ujichore mwenyewe, uone inavyokuwa.

Zawadi yenye fremu isahau. Unataka kumfariji kwa kitu kilekile kilichomwumiza, ila safari hii kimewekewa kioo. Na kule kumchora kila Jumamosi juu ya sanduku tupu, acha leo. Unasema huwa kama amekuja. Hajaja, Mwalimu. Umemchukua tena bila kumwuliza.

Nenda ofisini ukaombe pasi ya kwenda Thika. Watakusimamisha mstarini, watakuuliza unakwenda kwa nani na kwa nini, pengine watakurudisha kesho. Rudi kesho. Yeye alikufuata miaka yote hiyo bila wewe kutoka mlangoni. Usiende langoni kwa kiwanda wafanyakazi wanapotoka, utawapa mchezo mwingine. Nenda nyumbani kwake. Ukifika usiketi mpaka akuambie keti, na asipokuambia, simama. Sema, "Nilichukua msiba wako nikaufanya mchezo." Ukome hapo. Neno "lakini" liache Ruiru.

Kisha, ikiwa tu amekusikiliza, mwulize jambo ulilopaswa kumwuliza mwaka jana. Mwulize Mulei alikuwa mtu wa namna gani. Wewe kazi yako ni kuandika majina. Kila siku unaandika juu ya magunia majina ya mashamba ambayo hutayamiliki kamwe, kwa herufi zilizonyooka. Chukua brashi hiyo na ubao mmoja mtupu, uuache nje karibu na mlango wake. Akitaka jina la ndugu yake liandikwe, andika anavyokuambia, mahali anapokuambia, wala usiweke pambo. Asipotaka, beba ubao wako urudi nao kwenye treni, na usimlaumu. Msamaha si mshahara unaolipwa mwisho wa kazi.

Hayo ndiyo niliyomwandikia Mwalimu wa Ruiru. Juma lililopita binti wa Kimeu, aitwaye Kamene, alileta ofisini kwetu karatasi aliyoandika kwa maneno ya baba yake. Nilimwuliza kama baba yake amekwenda tena Ruiru. Alisema kwamba hakutumwa kusema hilo. Nilimwuliza kama Mwalimu alifika kwao. Alisema, "Alifika. Alisimama sana."

Karatasi yenyewe nainakili ilivyo, nami sharti lake nimelitimiza:

"Mchape hiyo barua. Jina yangu mbadilishe, sitaki kelele ya stesheni tena. Ya mdogo wangu msibadilishe. Anaitwa Mulei."