Vikonyo Vitatu vya Mstafeli

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako. Magoti yako yanasemaje siku hizi? Mimi mzima, ila nimechoka, hata kalamu naiona nzito.

Kwanza nijisifu. Mwanangu, huyo huyo uliyembeba mgongoni, amegundua mdudu! Usicheke. Ni mdudu gamba, mweupe, mdogo kama kichwa cha pini. Anaganda chini ya jani na kuufyonza mti mpaka unakauka umesimama. Wakaguzi wenzake wote wa mimea walipita wasimwone. Mkubwa wao alisema mbele za watu kwamba binti huyu ana macho ya mwewe. Nikamwambia jirani macho hayo kayatoa kwangu.

Raha iliishia hapo. Mdudu huyu ni mgeni huku, dawa yake haijulikani, kwa hiyo ni kukata na kuchoma. Wiki ya tatu sasa mwanangu anapita bustani kwa bustani na watu wa misumeno. Jirani yule yule alimuuliza kama hana mama, hata amkatie mistafeli minane inayomlishia watoto. Anarudi ananuka moshi, anasinzia na viatu miguuni. Kila siku ananiuliza mdudu huyu kaingilia wapi. Mimi namwongezea chai.

Unakumbuka vile vikonyo vitatu ulivyonikatia kwenye mstafeli wako nilipokuja kwako, nije nibebeshe mstafeli wangu, vishike kwenye shina lake? Nilivifunga kwenye kitambaa kibichi, chini ya nguo. Pale kwenye kizuizi cha mazao walitaka kufungua mkoba. Nikajitutumua, nikasema mimi ni mama wa mkaguzi. Basi nikapewa kiti, nikapewa na maji ya kunywa! Mkoba haukufunguliwa.

Juzi nimegeuza majani ya mti wangu. Chini ni meupe kama yamemwagiwa unga. Mwanangu hakuukagua. Nilimwambia nimeshauangalia mwenyewe, akaniamini.

Geuza majani ya kwako leo hii, mdogo wangu, na usimpe mtu hata kijiti. Nikishaituma barua hii naenda ofisini kwao. Nitamwambia mbele ya mkubwa wake, maana hata kujisifu nilijisifu mbele za watu. Kisha nipite kwa jirani. Safari hii sibebi mkoba.

Msalimie shemeji, wabusu watoto.

Ni mimi dada yako,
mama wa mkaguzi, akinikubali bado.